Fundi cherehani wa nyuma ya Soko Kuu Mtwara: suruali imekaa, ila nenda na subira

Jamani kuna mzee anashonea kwenye baraza la duka nyuma kidogo ya Soko Kuu hapa Mtwara, cherehani yake ya kukanyaga, ngoja niwape habari zake.

Kwanza mjue mimi nina matege, na sio kidogo. Shule ya msingi na zile kaptula za kaki nilikuwa naitwa Mabano, kwenye mpira kila mtu anataka anipige tobo hata kama goli liko wazi. Toka nimalize la saba sijavaa kaptula, nimeishi kwa suruali pana na mdomo mrefu, maana nilishajua nikimtania mtu kwanza yeye hapati nafasi. Watu wanasema jamaa anajiamini. Wapi!

Sasa nimepata kibarua cha kuandika mizigo kwenye ghala la korosho nikataka kadeti ya maana. Duka la kwanza, silitaji, muuzaji kanipa modo, nimetoka nayo kwenye kioo kacheka mpaka kashika mlango.

Huyu mzee hakucheka, wala hakunionea huruma, na hiyo huruma ndo naiogopaga zaidi. Kapima nje ya mguu, kapima ndani, kila mguu peke yake. Nikaanza zangu, mzee miguu hii hata mbuzi anapita, akasema "simama wima mjukuu wangu, unaniharibia vipimo." Basi. Nikasimama wima.

Kanielekeza kwamba mguu wa hivi mshono wa nje unatakiwa urefushwe kidogo zaidi ya kawaida na gotini pawe na nafasi ili kitambaa kishuke kisivutwe, za dukani zimekatwa kwa mguu ulionyooka. Miaka yote nilidhani mimi ndo nimezikosea.

Ubaya wake: alisema Jumanne nimechukua Ijumaa. Nikiwa nasubiri pale barazani nachezea simu nikakutana na habari za Alfred Adler, daktari wa Austria aliyezaliwa 1870, utotoni alikuwa na matege na alichelewa sana kutembea, ndo huyo alikuja kueleza habari ya mtu kujiona duni na kwamba wengine wanaifunika kwa kujifanya wako juu ya wenzao. Nikazima simu kwanza.

Ufundi 20,000, kitambaa nilienda nacho mwenyewe, mita moja na nusu. Mfuko wa nyuma kaubana, simu haiingii. Na msidhani matege yamepotea, ukiangalia unayaona vilevile. Ila siku ya kwanza ghalani nimepokea wakulima na magunia yao toka asubuhi, mchana nakula ndo nakumbuka kumbe leo sijamtania mtu.

Nampa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ile Ijumaa. Jana nimempelekea kitambaa kingine, cha kaki, cha kaptula. Kasema Jumanne hahaha.