TAHADHARI: Anayeuza lenzi ya 85mm f/1.8 "safi kama mpya", ndani ina fangasi

Wakuu habari za saa hizi, hasa nyie mnaopiga potreti na maharusi hapa Dar, naomba msome hii kabla hamjamtumia mtu hela. Wiki tatu zilizopita nimenunua Canon EF 85mm f/1.8 iliyotumika kwa mtu niliyempata mtandaoni, laki sita na nusu, hela niliyoidunduliza miezi mitano, na nilichopewa ni lenzi iliyofunguliwa ikafutwafutwa juujuu ikapendeza, ndani imeoza.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia, hii ni praimu, haizumu, ila tundu lake la mwanga (apacha) linafunguka mpaka f/1.8, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa na nyuma panafifia zaidi, yani kwenye fulufremu (kamera yenye sensa kubwa, saizi ya filamu ya 35mm) ukisimama mita mbili kutoka kwa mtu wako ukafokasi jichoni, kinachotoka shapu ni kama sentimita sita tu jumla, macho na midomo vimo, masikio yanaanza kulainika, ukuta wa nyuma umeshapotea. Ndo maana watu tunaitafuta. Canon waliitoa 1992 kwahiyo zilizotumika zimejaa sokoni na nyingi ni nzima kabisa, mimi lenzi yenyewe sina ugomvi nayo, nina ugomvi na huyu mtu.

Sikilizeni alivyofanya. Tumekubaliana tukutane stendi ya Makumbusho, akaja saa saba mchana jua la utosi, lenzi tayari iko kwenye kamera yake, akasema mkuu usiichomoe hapa kuna vumbi itaingia kwenye sensa, nikaona kweli jamaa anajali vifaa. Akanipiga mimi picha tatu, akanionyesha kwenye skrini, akazumu, uso wote uko shapu, na hata bango la nyuma linasomeka. Sasa hapo ndo ningeshtuka, 85mm kwenye 1.8 bango la nyuma linasomekaje? Alikuwa amefunga tundu mpaka f/8. Kwenye f/8 kwa mita hizohizo mbili unapata zaidi ya sentimita 25 za ushapu, kwahiyo fokasi ikikosea huioni, kioo kikikaa upande huoni, na mwanga wa mchana ule hata lenzi mbovu inakupa picha. Akaanza kuangalia saa, anawahi basi, nikatuma hela tukaachana.

Jumamosi nina send-off Mbezi. Ukumbini wameweka zile taa ndogondogo za mapambo nyuma ya bibi harusi, mi nikafungua 1.8 nikijua zitatoka miduara mizuri ya mwanga. Miduara imetoka kweli. Usiku nafungua picha kwenye kompyuta nazumu, ndani ya kila mduara kuna vinyuzinyuzi, vimetawanyika kama mizizi ya nyasi, mduara wa kwanza, wa pili, wote, mchoro uleule. Nyeupe ya shela imefifia kama umepiga kupitia kioo cha gari kilichopumuliwa. Na upande wa kushoto wa picha uko laini muda wote hata ufokasi vipi. Yule dada nimempa picha za lenzi yangu nyingine ya 50mm na nikamrudishia nusu ya hela yake, na hilo limeniuma kuliko laki sita maana siku ile hairudi.

Nimeipeleka kwa fundi, hajamaliza hata dakika. Kachukua tochi ya simu kamulika kwa nyuma, kaniambia angalia kwa mbele ukiinamisha kidogo, nikaiona fangasi imetambaa kwenye kioo cha ndani. Kisha akanionyesha skrubu za kwenye maunti (pale lenzi inapofungwa kwenye kamera), vichwa vimekwanguliwa na bisibisi isiyo saizi yake. Anasema ilishafunguliwa, vioo vya mbele vikasafishwa, cha ndani hakikufikiwa, na wakati wa kurudisha kipande kimoja hakikukaa sawa ndo maana upande mmoja laini. Kuisafisha inawezekana, ila fangasi ikikaa sana inakula ile koting (utando mwembamba uliopakwa) ya kioo na alama zinabaki palepale.

Kwahiyo ukikutana na muuzaji yeyote, achana na mambo ya vumbi, ichomoe. Hizi za EF ukiichomoa kwenye kamera apacha yake inabaki wazi kabisa, mulika tochi uangalie mpaka uridhike. Halafu nenda na kamera yako na memori kadi yako, fungua 1.8 wewe mwenyewe, piga gazeti limebandikwa bapa ukutani ulinganishe kona nne, na piga taa yoyote ya mbali ikiwa nje ya fokasi uitazame ndani ya mduara. Akikataa hata kimoja kati ya hivyo, panda daladala urudi nyumbani. Na sisi wa pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, unyevu huu usiufanyie mchezo, lenzi ikilala kwenye begi la ngozi kabatini miezi miwili bila silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu) fangasi haikawii.

Kitu kingine nimekigundua nimechelewa. Zile picha za mfano anazotuma huyu jamaa, dada mwenye hereni kubwa za duara, angalieni katikati ya hereni: majani ya nyuma yako shapu, nje ya hereni yamefifia. Lenzi haifanyi hivyo hata siku moja, hiyo ni simu imefifisha background kwa programu ikasahau pale kwenye tundu. Picha hazikupigwa na lenzi hiyo kabisa.

Nilivyompigia akasema ulipokea ikiwa nzima, akanibloku. Nimeshachukua RB polisi. Kuna mwenzangu kanishauri niiuze kwa mtu mwingine nirudishe changu, hapana, sifanyi hivyo, nimeifunga kwenye mfuko peke yake mbali na zingine na haitoki kwangu. Ila wawili wameshaniambia wametumiwa tangazo jipya wiki hii, akaunti nyingine, picha zilezile, kwahiyo ana mzigo mwingine. Ukitumiwa za dada mwenye hereni za duara, nicheki inbox kabla hujatuma hata shilingi, nikuonyeshe risiti ya malipo na meseji zake ulinganishe mwenyewe.