Uzoefu wangu na Airspeed Oxford ya kompyuta: nilivyoirusha safari ya mwisho ya Amy Johnson

Wengi wetu tunaocheza michezo ya urubani kwenye kompyuta, tukisikia Vita Kuu ya Pili tunakimbilia Spitfire, ile ndege maarufu ya kivita ya Waingereza. Mimi nimenunua kifurushi cha ziada cha Airspeed Oxford, ndege ya mbao yenye injini mbili ambayo Waingereza waliitumia kufundishia marubani. Haina mbio wala haina sifa. Nimeitaka kwa sababu ya mtu mmoja tu: Amy Johnson alikuwa ndani ya ndege ya aina hii tarehe 5 Januari 1941, siku aliyoangukia kwenye maji ya mlango wa mto Thames. Mwili wake haujapatikana mpaka leo.

Kwa asiyemfahamu, huyu ni binti wa Hull, mzaliwa wa 1903, ambaye mwaka 1930 aliruka peke yake kutoka Croydon, Uingereza, hadi Darwin, Australia, kwa siku 19, akiwa na kindege cha mitumba alichokiita Jason. Alikuwa pia fundi wa ndege mwenye leseni. Vita vilipopamba moto alijiunga na Air Transport Auxiliary, kikosi cha raia kilichohamisha ndege za kijeshi kutoka viwandani kwenda kambini. Waliruka bila redio. Ulichokuwa nacho ni ramani, dira, saa na macho yako.

Tuje kwenye bidhaa. Injini za Cheetah zinanguruma vizuri, na dashibodi imechorwa na mtu anayeipenda kazi yake. Hata mikwaruzo kwenye rangi ipo. Bei ni kubwa kwa ndege moja, sitaficha. Faili lenyewe ni zito, kwa hiyo jipange na bando.

Lakini raha yote, na tabu yote, iko kwenye kuirudia safari yenyewe. Siku hiyo Amy alikuwa anaipeleka ndege kutoka Blackpool, pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, hadi uwanja wa Kidlington, karibu na mji wa Oxford, kama kilomita 240. Kwa mwendo wa ndege hii ni saa moja na ushee. Amy aliondoka Blackpool saa 5:49 asubuhi. Ilipofika kama saa 9 na nusu alasiri, mabaharia waliokuwa kwenye msafara wa meli karibu na Herne Bay, kwenye mlango huohuo wa mto Thames, waliona mtu akishuka kwa mwavuli. Hapo ni zaidi ya kilomita 150 mashariki ya alikokuwa anakwenda. Saa zote hizo alikuwa wapi?

Nikaweka hali ya hewa ya mawingu yaliyoifunga nchi kama kifuniko cha chungu, nikazima ramani ya skrini na redio, nikapaa. Ukishatoboa juu, jua linawaka na anga ni ya buluu, unajiona mfalme. Mtego uko hapohapo. Saa inakwambia umefika, ila chini ni weupe mtupu. Ushuke? Huko kuna vilima, na wakati wa vita kulikuwa na maputo ya ulinzi yaliyofungwa kwa nyaya za chuma za kukata mbawa. Kwa hiyo unazunguka ukitafuta tundu. Upepo unakusogeza bila kukuaga. Ukikosea dira kwa nyuzi 5 tu tangu mwanzo, umeshahama kama kilomita 20 kabla hata hujaanza kuzunguka. Mshale wa mafuta unashuka, na unaanza kufuata popote mawingu yanapoonekana mepesi. Zaidi ya mara moja nilipojitosa chini nilikuta maji.

Kuna kitu kingine ambacho picha hazikuoneshi. Mlango uko nyuma, ubavuni kushoto. Rubani aliye peke yake anayetaka kuruka na mwavuli lazima auache usukani, apite ndani ya ndege inayoyumba, ndipo aufikie.

Tangu niirushe, hadithi za kwamba Amy alikuwa kwenye kazi ya ujasusi au alibeba abiria wa siri zimenichosha. Huyo abiria alizaliwa kwa sababu waliokuwa kwenye HMS Haslemere, meli ya Uingereza iliyojaribu kumwokoa, walidhani wameona watu wawili majini. Mikoba ya Amy iliokotwa ikielea. Kwenye bahari iliyochafuka, mkoba na kichwa cha mtu si rahisi kuvitofautisha. Dai la Tom Mitchell, askari wa zamani wa mizinga wa Uingereza yenyewe, ni zito zaidi: mwaka 1999 alisema kikosi chake ndicho kilichoitungua ndege hiyo, baada ya rubani kukosea mara mbili ishara ya utambulisho ya siku hiyo, ile ya kuonesha kwamba ndege si ya adui. Sawa, tuchukue ni kweli. Bado linaeleza alivyoanguka tu, halielezi kwa nini alikuwa juu ya bahari. Swali hilo, kwangu, limejibiwa na mawingu na mafuta.

Sasa malalamiko. Kifurushi kinakuja na safari ya Amy iliyoandaliwa tayari, na watengenezaji wameiwekea anga safi! Unaona mashamba na reli mpaka Kidlington, unatua, unapewa medali. Halafu maelezo yanagusia “abiria wa ajabu” ili kunogesha biashara. Walter Fletcher, kamanda wa Haslemere, aliyejitosa kwenye maji ya baridi kali kujaribu kuokoa mtu na akafa kwa baridi hiyo, kapewa mstari mmoja. Mtu aliyetoa uhai wake!

Ushauri kwa atakayenunua: iache safari yao, tengeneza yako. Weka mawingu mazito, zima kila msaada wa skrini, jaza mafuta ya kutosha saa nne hivi. Joistiki ya bei nafuu inafaa ukipunguza wepesi wake kwenye mipangilio, la sivyo ndege inarukaruka kila ukiigusa. Nyota tatu na nusu kati ya tano; ndege yenyewe ningeipa nne na nusu. Niliwaandikia watengenezaji waongeze mawingu. Wakajibu kwamba wateja wengi wanapenda kuona mandhari.