Matembezi ya saa mbili na wasanii Dix na Schlemmer, Stuttgart: nyota tatu

Nyota tatu ni za matembezi. Picha zenyewe nazipa tano, tena bila kufikiria mara mbili.

Mimi natunza wazee hapa kusini mwa Ujerumani. Naogesha, nageuza kitandani, navalisha miguu ya bandia asubuhi kabla ya chai. Kwa hiyo nilipoona tangazo la kutembezwa majumba mawili ya sanaa, mada ikiwa mwili wa binadamu kati ya vita viwili vikuu, nikajua hii ni yangu. Nikalipa.

Tulianzia Kunstmuseum, lile boksi la vioo pale Schlossplatz. Humo imo "Großstadt" (yaani Jiji Kubwa) ya mchoraji Otto Dix, aliyoimaliza 1928, picha ya vipande vitatu kama zile za madhabahuni, upana wa mita nne hivi. Katikati watu wanacheza jazi, manyoya na vito vinang'aa. Pembeni wapo wale ambao vita viliwarudisha nusunusu: mmoja yuko kwenye magongo na miguu ya mti, mbwa anambwekea, upande wa pili mwingine ameketi chini hana miguu, wanawake wamejipamba wanampita. Mtembezaji wetu (simtaji, wala kampuni yake) alieleza saksafoni mpaka nikachoka. Ya miguu ya mti, hata neno moja. Na Dix mwenyewe alikuwa mpiga bombomu vitani, kwa hiyo hakuchora ya kusimuliwa.

Humo humo, kwa mkono wa Dix huyo huyo, yumo mcheza dansi Anita Berber, 1925. Gauni jekundu, ukuta mwekundu, nywele nyekundu, uso umepakwa poda nyeupe kama chokaa. Ungemwona ungemwamkia shikamoo, kumbe hajafika hata miaka ishirini na saba! Vidole vyake vimekunjika kama kucha za mwewe. Nilivikodolea macho hivyo vidole hadi kundi likaniacha.

Staatsgalerie, jumba la pili, ndiko tulikokimbizwa. Ukumbi wake una sakafu ya mpira wa kijani, utadhani wodi. "Muuza Viberiti" wa Dix, 1920, tulipewa dakika mbili: kipofu, hana mikono wala miguu, kaketi kando ya njia, na sanduku la viberiti kifuani. Wapita njia unaona miguu yao tu, inatokomea. Mbwa mdogo kainua mguu anamkojolea. Kuna mwenzetu alicheka, kisha akanyamaza.

Mwisho, mavazi ya msanii Oskar Schlemmer ya dansi yake "Triadisches Ballett" (dansi ya utatu), iliyoonyeshwa hapa hapa Stuttgart 1922: wachezaji watatu, dansi 12, mavazi 18. Saba ya asili yako hapa. Kiuno ni duara, mkono ni rungu, goti halionekani. Wenzangu waliona vinyago vya watoto. Mimi niliona kazi yangu ya asubuhi, kufunga mikanda na kusawazisha sponji mpaka mtu asimame. Schlemmer naye alijeruhiwa vitani. Niliuliza kama hayo mawili yana uhusiano, nikaambiwa muda umekwisha.

Ukienda, nenda mwenyewe, na uanze na Staatsgalerie ungali na nguvu. Nilirudi siku yangu ya mapumziko nikakaa mbele ya yule muuza viberiti nusu saa nzima, hakuna aliyenihimiza.