Pumani kwa wodi za watoto njiti Kigoma: inunuliwe, lakini si peke yake

Anayeijua biashara ya samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika anaijua pampu ndogo inayopuliza hewa tangini. Pumani, mashine ya CPAP ya mapovu (husukuma hewa yenye shinikizo puani ili mapafu ya mtoto yasijifunge), ilianzia kwenye pampu za namna hiyo, mikononi mwa wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston.

Kilichoitoa darasani ni uongozi wa maabara. Maprofesa Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden waliipeleka kwa madaktari wa watoto wa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, ikajaribiwa penye msongamano na upungufu kama wa kwetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: kati ya watoto 62 waliowekwa kwenye mashine, 44 walinusurika, kati ya 25 waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani, 11. Idadi ni ndogo, na watoto hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo tofauti hiyo isichukuliwe kama ahadi. Hata hivyo, maabara nyingi huishia kwenye sampuli ya maonyesho na makala ya jarida; hii ilifika wodini.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleweka. Hewa na oksijeni huchanganyika, hupita kwenye vijipira vya puani, kisha hutokea kwenye mrija uliozamishwa majini. Sentimita za kina ndizo shinikizo: anza na 6. Pima kutoka ncha ya mrija hadi uso wa maji, si hadi kitako cha chupa. Kosa hili ni la kila siku. Mtiririko ukiwa lita 6 kwa dakika, 2 za oksijeni kutoka konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) na 4 za hewa, mtoto anapata oksijeni ya asilimia 45 hivi. Kwa oksijeni ya damu, lenga asilimia 90 hadi 95 kwenye kipima oksijeni cha mguuni. Ikizidi 95 wakati mtoto njiti yuko kwenye oksijeni, oksijeni anayopewa ipunguzwe, maana macho yake yamo hatarini.

Kabla ya kumvalisha mtoto, ziba vijipira kwa vidole. Mapovu yasipotoka, kuna mahali panavuja: kiungio kimelegea, au mrija umepasuka. Yakitoka kabla ya kumvalisha na kukoma baadaye, tazama pua na mdomo. Vijipira vijaze tundu la pua bila kugusa ukuta wa katikati, pabaki kama milimita 2. Vidogo huvujisha, na kuvisukuma ndani ili visivujishe ndiko kunakochubua pua. Weka na mrija wa tumboni, uachwe wazi, la sivyo tumbo litajaa hewa.

Mvuke ukiganda kwenye mrija wa kutolea hewa, maji huteremkia chupani, kina kikaongezeka, na shinikizo likapanda bila mtu kugusa kitu. Kagua kina kila zamu.

Sasa umeme. Ukikatika, pampu na konsentreta vinazimika pamoja, na mtoto hubaki akivuta hewa yake mwenyewe mrijani. Mvue vijipira mara moja, mpe oksijeni ya mtungi. Asipopumua vizuri, tumia mfuko wa kupulizia. Kwa hiyo mtungi uliojaa, wenye mita yake, uwepo wodini. Wa stoo hausaidii. Weka na stabilaiza, kwa sababu umeme unaporudi ndipo vifaa huungua.

Kiangazi, vumbi la Kigoma na Tabora huziba vichujio. Vioshwe kwa maji na sabuni kila baada ya siku tatu au nne, vikauke kabisa, na vya akiba viwepo. Konsentreta inayohema kwa shida huendelea kuonyesha lita 2 huku usafi wa oksijeni inayotoka umeshashuka chini ya asilimia 82. Bila kipima oksijeni cha fundi, kinachopima ile inayotoka kwenye mashine, hakuna anayejua.

Bei ya mashine ndiyo hoja ndogo kuliko zote. Anayeandika oda aandike vijipira vya saizi zote, kofia za kushikilia mirija, mirija ya akiba, na muda wa mizigo ya reli kutoka Dar es Salaam. Wodi isiyo na muuguzi wa zamu ya usiku aliyefundishwa isipewe mashine hadi ampate.