Kifurushi cha kutengenezea chembe nano za magnetaiti: nyota 4 kati ya 5

Nimekitumia na wanafunzi wangu wa kidato cha sita kutengeneza magnetaiti, yaani oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, ikiwa chembe ndogo mno, na hela yake sijaijutia. Ndani mna kloridi ya chuma(II) gramu 2, kloridi ya chuma(III) gramu 5.4, asidi ya oleiki, sumaku ya neodimiamu na karatasi ya maelekezo. Vipimo hivyo vina hesabu yake: vinatoa uwiano wa moli (idadi ya chembe, si uzito) 1 kwa 2, ambao ndio magnetaiti (Fe3O4) inaoutaka. Amonia na mafuta ya taa utanunua mwenyewe.

Kabla ya yote tazama chupa ya kloridi ya chuma(II). Chumvi isiyoharibika ina kijani kilichopauka. Ukiona umanjano au ukahawia, hewa imeshaiharibu na uwiano umevurugika. Utaishia na tope la hudhurungi ambalo sumaku inalivuta kwa shida. Kifurushi chetu cha kwanza kilifika hivyo. Muuzaji alikibadilisha, ila baada ya kuzungushana sana kwenye simu. Chumvi inayoogopa hewa unaifungaje kwa kizibo kilicholegea?

Kazi yenyewe ni raha. Unayeyusha chumvi zote mbili kwenye maji yaliyochemshwa yakapozwa, unapasha hadi nyuzi 80, kisha unamimina amonia madirisha yakiwa wazi. Ule wekundu wa chungwa unageuka mweusi ti papo hapo, na darasa langu lilipiga kelele. Sasa karatasi inasema ukoroge kwa kikorogeo cha sumaku. Jamani! Chembe zote zinakwenda kuking'ang'ania kile kijiti kinachozunguka mle ndani, na kukikwangua ni balaa. Tumia fimbo ya kioo.

Yakiwa bado moto, dondoshea asidi ya oleiki, vinginevyo chembe zinashikana mabonge. Kisha weka sumaku chini ya bikari: weusi wote unatuama, unamwaga maji, unaosha tena mpaka harufu ya amonia iishe. Ukikausha unatakiwa upate kama gramu 2 na kidogo. Tone la mafuta ya taa linaigeuza kimiminika cheusi, sumaku ikasogezwa, na miiba ya kimiminika hicho inasimama.

Dai la ukubwa wa chembe wa "nanomita 10" kwenye boksi lisikubabaishe. Hilo linataka hadubini ya elektroni, si macho. Na vaeni glavu, maana kimiminika hiki kikigusa shati jeupe la shule hakitoki hata kwa jiki.