Programu ya 3D: uweke miezi yako wapi?

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi nakushauri uhesabu miezi kwanza. Programu yoyote ya 3D, yaani ya kuunda maumbo (modeli) na kuyapa mwendo (uhuishaji), itakula nusu mwaka au zaidi kabla vidole vyako havijazoea vibonye vyake, na ukihama, sehemu kubwa ya mazoea hayo unaiacha nyuma. Kwa hiyo nimezipanga kwa swali moja: ukiweka miezi yako hapa, mwakani utabaki na nini mkononi?

Namba moja naipa Blender, na siyo kwa sababu ni ya bure tu. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, alikuwa na kampuni iliyoimiliki Blender, nayo ikafungwa mwaka 2002. Watumiaji wakachanga euro 100,000 ndani ya wiki saba, msimbo (maandishi yanayoiunda programu) ukakombolewa na kufunguliwa kwa watu wote. Toka hapo ni programu huria: hakuna mwenye uwezo wa kukufungia mlango na kazi zako zikiwa ndani. Na uwezo inao. Filamu ya Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ilitwaa Oscar ya filamu bora ya uhuishaji mwaka 2025.

Ijaribu kwa kikombe. Futa mchemraba unaoukuta kwenye skrini, weka silinda, bonyeza Tab uingie kwenye uhariri, kisha 3 ili uchague nyuso. Gusa uso wa juu, bonyeza I, sogeza kipanya kidogo kuelekea katikati: umepata mdomo wa kikombe. Sasa bonyeza E na usukume chini. Uso unazama, kikombe kinapata tumbo. Ukiona raha hapo, umeshapata programu yako. Ugumu wake ni kwamba skrini imejaa mambo mengi tangu siku ya kwanza, na mgeni hupotea. Vumilia.

Ya pili ni Maya ya kampuni ya Autodesk, na kwa mtu mmoja ningeipandisha iwe ya kwanza: yule anayetaka kuajiriwa studio kubwa kama mhuishaji wa wahusika. Imekuwepo tangu 1998 na studio nyingi zimejenga mfumo wao wote juu yake. Raha yake iko kwenye Graph Editor, dirisha linaloonyesha mwendo kama mistari. Chukua mpira unaodunda. Mpira ukiwa juu kabisa, mstari wa kimo chake unatakiwa kupinda taratibu kama kilima, kwa kuwa pale mpira hupunguza kasi. Unapogonga sakafu, mstari uwe na ncha kali kama herufi V. Ukiulainisha hapo chini, mpira utaonekana unatua kwenye godoro. Blender nayo ina dirisha kama hilo, lakini la Maya mimi naliona jepesi zaidi mkononi.

Maya hulipiwa kwa usajili. Ukiacha kulipa, haifunguki. Mwanafunzi hupata leseni ya bure ya mwaka mmoja inayoweza kuongezwa muda, ila haruhusiwi kuitumia kwa kazi ya malipo. Pia kumbuka yaliyoipata Softimage, programu nyingine ya 3D: Autodesk waliinunua mwaka 2008, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba toleo linalofuata ndilo la mwisho. Waliokuwa wameimudu kwa miaka walilazimika kuanza upya kwingine. Ndiyo maana nasisitiza sana suala la nani anashika ufunguo.

Houdini ya SideFX, kampuni ya Kanada, naiweka ya tatu. Ni ya moshi, maji, na majengo yanayobomoka. Unaunganisha nodi (visanduku, kila kimoja kikiwa hatua moja ya kazi) moja baada ya nyingine, na ukibadilisha ya kwanza, zote zinazofuata hujirekebisha. Toleo la Apprentice ni bure kwa kujifunza, ila huweka alama yake juu ya picha. Usianzie hapa kama hesabu zinakuchosha.

Ya nne ni Cinema 4D, nzuri sana kwa matangazo na nembo zinazocheza, na ni rahisi kuizoea. Ni ya usajili. 3ds Max inapendwa na wachora majengo, lakini inahitaji Windows. ZBrush ni ya kuchonga maumbo kwenye skrini kama udongo. Ichukue kama nyongeza, usiifanye ya kuanzia.

Kabla hujalipia chochote, itazame kompyuta yako. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 itakuvusha, GB 32 itakupa nafasi, na fedha inayobaki ipeleke kwenye kadi ya grafiki. Piga hesabu ya kurenda, yaani kompyuta kuchora picha za mwisho: video ya sekunde 10 kwa fremu (picha) 24 kila sekunde ni fremu 240. Kila moja ikichukua dakika 5, hizo ni saa 20.

Katika programu yoyote uliyochagua, renda picha mojamoja za PNG (aina ya faili la picha), kisha uziunganishe ziwe video. Mimi niliwahi kurenda moja kwa moja kuwa video usiku kucha, umeme ukakatika alfajiri, na faili lililobaki halikufunguka. Ukiwa na picha, umeme ukikatika kwenye fremu ya 173, unairudia hiyo moja na kuendelea na ya 174.