Gazeti la elfu moja na redio ya bure: uzoefu wangu hapa Tabora

Mwaka wa tano huu nanunua gazeti karibu kila siku hapa Tabora mjini, kwenye meza moja jirani na stendi. Elfu moja yangu naitoa bila kinyongo. Habari zimehaririwa, majina yameandikwa sawasawa, na kesi ya mahakamani naisoma kwa utulivu hadi hukumu. Ila linachapwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Linaponifikia mkononi, redio zimeshasoma vichwa vyake vyote tangu alfajiri.

Kuchelewa navumilia. Kinachoniuma ni kufungua ukurasa wa mikoani na kukuta Igunga, Nzega, Sikonge, Kaliua, Uyui na Urambo zimegawana aya mbili, na hizo zenyewe ni za ziara ya kiongozi.

Kwa habari za hapa nategemea redio, CG FM na VOT. Huko nasikia barabara iliyokatika, bei ya asali, misiba, mtoto aliyepotea sokoni. Kwa hilo nawapa alama za juu kabisa.

Lakini redio haishikiki. Msimu uliopita baba mdogo alinipigia kutoka Urambo. Marobota yake ya tumbaku yameshafungwa, anauliza soko la chama chao cha ushirika limetangazwa tarehe ngapi. Tangazo nilikuwa nimelisikia asubuhi ileile nikiosha vyombo, nikabaki najiuliza: 14 au 24? Gazeti nalo halikuwa na neno. Nilipiga simu nne ndipo nikapata jibu, na muda wote huo nilikuwa nawaza jasho lake la mwaka mzima.

Na Tabora si mgeni wa uchapaji! Pale Kipalapala, nje kidogo ya mji, mitambo ya wamisionari ilichapa vitabu vya Kiswahili vilivyofika mbali, na Kiongozi, gazeti la Kanisa Katoliki, lilianzia huku mwaka 1950. Mimi sijapata kununua gazeti la habari za mkoa lililochapwa hapa. Likitoka hata mara moja kwa wiki, kurasa nane tu, zenye tarehe za masoko, bei, kesi na waliyoamua madiwani, nitalipa hata elfu mbili. Nakala ya pili nitampa kondakta wa basi la Urambo amfikishie baba mdogo.